Kabla Ngozi Yako Haijamulikwa Leza

Kila inapokaribia miezi ya harusi, simu yangu hujaa swali moja kutoka kwa mabinti wa ukoo: leza ya kuondoa nywele inafaa ngozi zetu, au itatuunguza? Mwaka huu aliyeuliza ni mpwa wangu, mwanafunzi hapa London. Baba yake ni kaka yangu wa Mombasa. Mama yake ni Mgujarati ambaye wazazi wake walifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Alinitumia tangazo la vikao sita kwa nusu bei, ofa inaisha usiku uleule.

"Shangazi, nilipe?"

Nikamwambia, "Mwanangu, waulize kwanza mashine yao ni ya aina gani."

Walikaa siku mbili bila kujibu, kisha wakasema ni mashine ya kisasa inayofaa ngozi zote. Hilo si jibu, na nitaeleza kwa nini.

Leza haijui unywele ni nini. Inachokijua ni rangi. Mwanga wake hufuata melanini, ile rangi nyeusi iliyomo ndani ya unywele, hugeuka joto, na joto hilo huunguza mzizi. Wazo la kuchagua mwanga unaopiga kitu kimoja na kuacha vilivyo jirani lilielezwa mwaka 1983 na madaktari wawili wa Boston, Rox Anderson na John Parrish, na ndilo linaloendesha karibu mashine zote za leo. Kwa mtu mweupe mwenye nywele nyeusi kazi ni nyepesi, kwani chenye rangi ni unywele peke yake. Kwetu sisi melanini imejaa kwenye ngozi ya juu pia. Mwanga usipochaguliwa vizuri huishia hapo, ukaunguza ngozi kabla haujafika kwenye mzizi.

Ndiyo maana namba ina maana. Leza ya aleksandraiti hutoa mwanga wa nanomita 755, ambao melanini huumeza kwa pupa. Ile inayoitwa Nd:YAG hutoa nanomita 1064. Hiyo hupenya ndani zaidi na kuipita ngozi ya juu bila kuiunguza sana, na ndiyo ambayo kwa kawaida wataalamu huitanguliza kwa ngozi nyeusi na ya maji ya kunde. Ya dayodi, karibu nanomita 800, imekaa katikati: mikononi mwa mtu mzoefu inaweza kufaa, mikononi mwa aliyejifunza mwezi uliopita siitaki. Halafu kuna IPL, ambayo saluni nyingi huiuza kwa jina la leza ilhali si leza hata kidogo. Ni taa kali yenye mchanganyiko wa mawimbi mengi. Jirani yangu mmoja, Mzanzibari, alitoka kwenye saluni ya namna hiyo akiwa na alama za mstatili miguu yote miwili, kama mtu aliyelalia chaga za jiko. Wakampa jeli ya shubiri na vocha ya kikao kingine. Weusi ule ulichukua zaidi ya mwaka kufifia. Ngozi zetu ndivyo zilivyo: zikiumia kidogo tu huacha doa jeusi, na kwa wengine kovu huvimba na kuwa keloidi.

Kliniki inayojua kazi yake itakuuliza ngozi yako ni aina ya ngapi. Kipimo wanachotumia ni cha Thomas Fitzpatrick, daktari wa ngozi wa Marekani, aliyekianzisha mwaka 1975. Kilianza na ngozi nyeupe tu; ngozi zetu ziliongezwa baadaye, na sasa aina ni sita. Sisi wengi tunaangukia ya nne hadi ya sita, tuwe Waswahili, Wahindi, Waomani au Wasomali. Msiridhike mtu akikutazama usoni na kusema "wewe ni wa nne". Aulize ngozi inafanyaje juani, wazazi ni watu wa wapi, kovu likipona linabaki vipi. Mpwa wangu ni mweupe kwa macho, lakini upande wa baba ni weusi, na kila chunusi humwachia doa.

Sasa sheria, ambayo huwashangaza wageni. Hapa England hakuna sheria inayomlazimisha anayeshika leza ya kuondoa nywele kuwa na cheti fulani. Sheria ya afya ya mwaka 2022 iliipa serikali uwezo wa kuanzisha leseni kwa kazi za urembo kama hizi, lakini uwezo wa kuanzisha si leseni. London tuna nafuu moja: kwa sheria ya mwaka 1991, halmashauri nyingi za mitaa hudai sehemu za leza ziwe na leseni maalumu na zikaguliwe. Omba kuiona, au ipigie simu halmashauri. Sehemu inayosimamiwa na daktari inaweza kuwa imesamehewa leseni hiyo. Basi mtafute daktari mwenyewe kwenye rejista ya GMC, ni bure mtandaoni. Walio Cardiff wana utaratibu wao, kwani Wales leza hizi husajiliwa na Healthcare Inspectorate Wales. Na tafadhali, anwani ya Harley Street isikutie kiwewe. Chumba pale hukodishwa hata kwa saa.

Kabla ya kulipa kikao chochote, wakujaribie sehemu ndogo, kwa mashine ileile na nguvu ileile watakayotumia. Wengi husubiri siku moja au mbili. Kwa ngozi zetu mimi nashauri wiki mbili au zaidi, maana weusi haujitokezi papo hapo. Mpwa wangu hatimaye alipata mahali ambapo mama mmoja alimhoji karibu nusu saa, akakataa kuanza hadi atakaporudi kutoka likizo ya Agosti Mombasa. Jua la Nyali linaongeza melanini, na ngozi iliyotoka kuungua jua si ya kumulikwa. Aanze Oktoba, akasema, na wakati huo atumie wembe tu. Nta, uzi na sukari ya ndimu hung'oa mzizi, na leza bila mzizi haina la kupiga.

Mambo ya kwetu ambayo mhudumu Mwingereza huenda asiulize, myaseme wenyewe. Piko na hina: mwanga haubagui rangi ya mwilini na rangi ya kupaka, kwa hiyo maua ya mikononi yatangojea. Mkorogo: mwenye kupaka krimu za kujichubua, hata za dukani, aseme bila haya, kwani nyingine zina haidrokwinoni au zebaki, na ngozi yake haitabiriki. Mabaka ya uso yatokanayo na ujauzito yanaweza kuzidi kwa leza. Doa jeusi au kidutu kinachobadilika kionwe na daktari kwanza. Bob Marley alikufa mwaka 1981 kwa saratani ya ngozi iliyoanzia kidoleni mguuni.

Binti anayeota nywele nyingi kidevuni, na hedhi yake haieleweki, aanze kwa GP apimwe homoni. Leza haitibu chanzo, na kwa wanawake wa asili ya Kihindi na Kiarabu imewahi kufanya nywele za uso ziongezeke badala ya kupungua. Vijana wa kiume wenye vipele vya ndevu wanaweza kupata nafuu kubwa kwa Nd:YAG. Nywele nyeupe za akina mama wa umri wangu haziguswi na leza yoyote, atakayewaahidi anataka hela.

Ukiungua, mwagia maji baridi ya bomba dakika 20. Barafu usiweke, wala dawa ya meno. Piga picha siku hiyohiyo, piga 111, na malengelenge yakitokea usoni nenda hospitali. Kisha iandikie halmashauri, utaje tarehe na aina ya mashine. Jirani yangu hakuandika, na saluni ile bado inatangaza nusu bei.