Viva Riva!: Pembetatu ya mapenzi ina pembe ya nne

Wahitimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaokuja nyuma yetu, leo sileti siasa. Naleta filamu.

Jumamosi moja hapa Baraka tulikuwa vijana sita katika chumba cha rafiki yetu, kompyuta moja juu ya meza, jenereta ya jirani ikinguruma nje. Sisi wa kando ya ziwa tumekulia kwenye filamu za Kanumba na Ray kutoka Tanzania. Wanaume wawili na mwanamke mmoja, hadithi hiyo tunaijua tangu salamu mpaka machozi. Lakini siku hiyo tuliangalia ya kwetu Kongo: Viva Riva! ya Djo Tunda Wa Munga, ya mwaka 2010. Wanaongea Lingala na Kifaransa, basi mwenzetu aliyewahi kuishi Kinshasa akakaa karibu na kompyuta akitutafsiria. Tahadhari moja: si filamu ya kuangalia pamoja na baba mkwe. Mambo ya chumbani iko mule waziwazi.

Hadithi ni hii. Riva anarudi Kinshasa baada ya miaka kumi, na amekuja na shehena ya mafuta aliyomwibia bosi wake wa Angola. Mji umekauka, magari yamelala. Riva hauzi haraka, anangoja bei ipande. Usiku anaenda kustarehe na rafiki yake J.M., na klabuni anamwona Nora akicheza. Nora ni wa Azor, jambazi mkubwa wa pale. Riva anasema huyu njo ninayemtaka. Kumbe César, yule bosi wa Angola, ameshaingia mjini na suti yake nyeupe, anamtafuta mwizi wake.

Filamu hiyo ilichukua tuzo 6 za Africa Movie Academy Awards mwaka 2011, pamoja na ile ya filamu bora na ya mwongozaji bora. Kwa nini inakamata mtu hivyo? Pembetatu ya mapenzi si jambo jipya. Mwaka 1987 Mwezé Ngangura na Benoît Lamy walitoa La Vie est belle, Papa Wemba akicheza Kourou, mwanamuziki maskini anayempenda Kabibi. Bosi wake, tajiri Nvouandou, naye anamtaka Kabibi awe mke wake wa pili. Pembe ni zilezile tatu. Lakini ile inachekesha, na hii inatisha. Tofauti iko wapi?

Kwanza, iko katika nani anajua nini. Sisi watazamaji tunamwona César akikaribia wakati Riva anacheza na kunywa. Tungependa kupiga kelele, "Kimbia, weye!", lakini hasikii. Hofu haitoki kwenye bunduki tu. Inatoka kwenye kujua jambo ambalo mwenye kuhusika hajui.

Pili, kuna saa inayohesabu. Kila siku Riva akingoja, bei inapanda, na kila siku hiyohiyo adui anasogea. Faida yake na hatari yake vinakua pamoja. Sisi tunaelewa haraka: barabara ya Uvira ikikatika, kadhafi wanaouza mafuta kwa chupa wanapandisha bei palepale, na mwenye bidoni zilizofichwa anacheka peke yake.

Tatu, migeuko ya hadithi haianguki kutoka mbinguni. Afisa wa jeshi, mwanamke, anamsaidia César kumwinda Riva. Kwa nini? Kwa sababu dada yake ameshikwa. Mgeuko mzuri ni deni lililoonyeshwa mapema, kisha tukalisahau. Siku ya kulipa ikifika tunashtuka, halafu tunasema, "Ee, kweli, tuliliona."

Mwisho wake siusemi. Angalieni wenyewe.

Ila filamu ilipokwisha, ugomvi ukaanza mule chumbani. Mmoja akasema, "Huyu mwanamuke njo aliharibu Riva." Wengine wakaitika. Mimi pia nilikuwa nataka kuitika. Lakini dada mmoja, pekee kati yetu sita, akauliza: "Nora akiacha Azor, anatoka na nini? Nyumba ni ya nani? Nguo ni za nani?" Kimya.

Hapo ndipo nilipoona pembe ya nne. Tunahesabu Riva, Nora, Azor, na tunasahau mafuta. Azor anamweka Nora kwa pesa, Riva anataka kumchukua kwa pesa. Tunauliza Nora anampenda nani, kana kwamba ana nafasi ya kuchagua. Mtu asiye na chake hachagui kati ya wanaume wawili. Anachagua kati ya milango miwili ya watu.

Nilinyamaza kwa sababu yangu. Nilipomaliza G3 nilikuwa na mchumba. Nilifundisha shule miezi mingi bila mshahara, chaki mkononi, mfuko mtupu. Akatokea mfanyabiashara wa dhahabu wa Misisi. Akaja kwao na pikipiki mbili, vitenge, soda. Mimi nikakasirika, nikaapa nitaacha chaki, niingie shimoni Misisi, nirudi na mahari kubwa kuliko yake. Nilikopa hata pesa ya safari. Kila jioni nilikuwa nahesabu: yeye anatoa ngapi, mimi nikipata gramu ngapi nitampita.

Kabla sijaondoka nilimpigia simu kumwambia anivumilie. Akanijibu maneno ambayo mpaka leo sijayasahau: "Mulikuwa munapandishiana bei. Hakuna hata mumoja wenu aliniuliza." Hakumtaka yule wa dhahabu. Mimi naye alishanichoka. Kumbe alikuwa anaweka akiba kidogo kidogo, akauza samaki na mama yake mdogo, na mwaka uliofuata akaenda Uvira kusomea uuguzi. Huo mgeuko sikuuona ukija, na dalili zote zilikuwa mbele yangu: vile vitabu vyake, maswali yake juu ya bei ya kujiandikisha. Nilikuwa naviona, sikuviangalia.

Sikwenda Misisi. Deni la safari nililipa polepole. Si kwamba kila anayeenda shimoni ni mpumbavu, hapana, wengi wanalisha familia kule. Mimi nilikuwa naenda kununua mtu.

Basi wandugu, mkiangalia filamu ya mapenzi ya watu watatu, msiishie kuuliza nani atashinda. Ulizeni nani anajua nini, saa inahesabu nini, na pesa ya nani iko mezani. Halafu mwulizeni yule wa katikati anataka nini. Kwenye filamu mwandishi anaweza kumnyamazisha. Hapa Baraka au Fizi, namba yake ya simu mnayo.