Upimaji wa homa kali ya ini kwa watoto

Upimaji wa homa kali ya ini kwa watoto ni uchunguzi wa kitabibu unaofanywa ili kujua kama mtoto mwenye dalili za ini kuvimba ameambukizwa virusi, na ni virusi vya aina gani. Homa ya ini huitwa kali ikiwa imeanza karibuni. Ikiendelea zaidi ya miezi 6 huitwa sugu.

Virusi vinavyohusika hasa ni A, B, C, D na E. Aina A na E huenezwa kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Aina B, C na D huenezwa kwa damu, na B hutoka pia kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Aina D humpata tu mtu mwenye virusi vya B.

Dalili

Mtoto huweza kuchoka, kukosa hamu ya kula, kutapika, kuumwa tumbo upande wa juu kulia, kukojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, na kuwa na macho ya manjano. Hata hivyo watoto wengi walio chini ya miaka 6 wanaoambukizwa virusi vya A hawaonyeshi manjano kabisa. Kusinzia kupita kiasi, kuchanganyikiwa au kutokwa na damu ni dalili za ini kushindwa kufanya kazi, na mtoto huyo anatakiwa kufikishwa hospitalini mara moja.

Vipimo

Kwanza hupimwa hali ya ini lenyewe: vimeng'enya vya ALT na AST, ambavyo huongezeka katika damu seli za ini zinapoharibika, bilirubini, inayoleta rangi ya manjano, na muda wa damu kuganda. Kipimo hiki cha mwisho huonyesha ukali wa ugonjwa vizuri kuliko wingi wa vimeng'enya.

Kisha hutafutwa chanzo:
- Aina A na E: kingamwili za IgM, ambazo hutokea mapema katika maambukizi mapya.
- Aina B: antijeni ya HBsAg pamoja na IgM dhidi ya kiini cha virusi. HBsAg peke yake haitoshi, kwa kuwa mtoto anaweza kuwa na homa sugu ya ini B huku manjano ya sasa yakiletwa na kitu kingine.
- Aina C: kingamwili, kisha kipimo cha RNA ya virusi.
- Aina D: hupimwa kwa mwenye HBsAg tu.

Kwa mtoto mchanga, kingamwili za mama hubaki katika damu yake kwa miezi mingi. Hivyo kipimo cha kingamwili za C hakiaminiki kabla ya miezi 18, na RNA ndiyo hutumika.

Kipimo kisipoonyesha virusi

Manjano si lazima yatokane na virusi. Malaria, selimundu, homa ya matumbo, parasetamoli iliyozidi kiasi na baadhi ya dawa za mitishamba huweza kuyaleta.

Mfano unaojulikana ulitokea katikati ya Tanzania mwaka 2016. Watu wa wilaya za Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, na wa mkoa jirani wa Manyara, waliugua wakiwa na manjano, kutapika na tumbo kuvimba. Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa sumukuvu aina ya aflatoksini katika mahindi. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, na 20 kati yao walifariki. Nchini Kenya mlipuko wa namna hiyo uliua watu 125 mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui.

Aflatoksini hutengenezwa na kuvu ya Aspergillus, inayostawi katika mahindi na karanga zilizopata ukame shambani au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Kupika ugali au uji hakuiondoi. Kwa hiyo, watu kadhaa wa nyumba moja wakiugua kwa pamoja, na vipimo vya virusi visionyeshe kitu, mganga anapaswa kuuliza walikula nini na kupeleka nafaka yao kupimwa. Kuchelewa kuuliza ni kuwaacha waliobaki nyumbani waendelee kula sumu ileile. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo.

Kinga

Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo ya homa ya ini B mwaka 2002. Siku hizi imo ndani ya chanjo ya pamoja ya magonjwa matano, inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Chanjo hii ni muhimu kwa sababu takriban 90% ya wanaoambukizwa B wakiwa wachanga hubaki na ugonjwa sugu. Kunawa mikono kwa sabuni, kutumia choo na kuchemsha maji ya kunywa hupunguza A na E. Kukausha mahindi vizuri juu ya turubai, kuyahifadhi pasipo unyevu na kutupa yaliyoota ukungu hupunguza sumukuvu.

Aflatoksini na virusi vya B vikikutana kwa mtu mmoja, hatari ya saratani ya ini huongezeka sana kuliko kwa kimoja peke yake.