Vita Vilipokwisha, Bei Zilikwenda Wapi?



Huenda ulilelewa na mzee aliyekuwa na kabuti la jeshi ndani ya sanduku lake la bati. Kabuti lile halikuvaliwa ila asubuhi za baridi kali, wala mtoto hakuruhusiwa kuligusa. Kama humkumbuka mzee wa namna hiyo nyumbani kwenu, basi alikuwako kwa jirani. Alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, au alikuwa dereva, au mchimba mahandaki. Waafrika zaidi ya 90,000 kutoka Kenya waliingia jeshini katika Vita vya Pili vya Dunia. Walipigana na Waitaliano huko Uhabeshi mwaka 1941, wakavuka bahari kwenda Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakafika Burma, kwenye matope na mvua na malaria.

Mwaka 1945 vita vilikwisha. Ujerumani ilishindwa mwezi wa Mei, na Japani mwezi wa Agosti. Watu wakasema, "Sasa nguo zitashuka bei, na sukari itajaa dukani." Haikuwa hivyo. Leo nataka tuitazame habari hiyo pamoja, kwa sababu wewe unayeuza mahindi, maziwa au pareto katika skimu una jambo la kujifunza kwa wazee wale.

NGUO ZIMEKWISHA DUKANI

Kabla ya vita, nguo nyingi za bei nafuu katika Afrika ya Mashariki zilitoka Japani. Japani ilipoingia vitani Desemba 1941, biashara hiyo ilikatika mara moja. Viwanda vya Uingereza navyo vilikuwa vikitengeneza mizinga na nguo za askari, si majembe wala amerikani. Meli zilizobaki zilibeba askari na silaha, na nyingine nyingi zilizamishwa baharini. Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, mpira nao ukawa adimu. Mwenye baiskeli akawa anashona mpira wake kwa uzi, na tairi kuukuu la motokaa halikutupwa, bali lilikatwa likawa akala za miguuni.

Basi ikawa hivi. Mama akienda dukani kutafuta leso, haipo. Mafuta ya taa hayapo, na koroboi inazimwa mapema. Jembe limekwisha makali hata limekuwa kama kijiko, na jipya halipatikani. Serikali iliweka bei za vitu ambazo mwenye duka hakuruhusiwa kuzipita. Lakini bei ya ubaoni ni kitu kimoja, na nguo iliyofichwa chini ya meza ni kitu kingine. Hapo ndipo magendo yalipositawi.

Utauliza, kwa nini vita vilipokwisha bei hazikushuka? Fikiri juu ya siku ya soko. Mfanyabiashara ameleta blanketi kumi. Wiki iliyopita wanunuzi walikuwa kumi. Wiki hii wamekuja mia, na kila mmoja ana shilingi mfukoni. Blanketi zile zitauzwa bei gani? Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1945 na 1946. Askari walirudi na fedha walizoweka akiba, tena kwa miaka kadhaa walikuwa wakiwapelekea jamaa zao sehemu ya mshahara. Fedha zilikuwa nyingi na vitu vilikuwa vichache. Kiwanda kilichokuwa kikitengeneza mizinga hakiwezi kuanza kutengeneza majembe kesho yake.

Wala usidhani ni sisi peke yetu tuliopata taabu hiyo. Huko Uingereza kwenyewe, walioshinda vita, mkate ulianza kugawiwa kwa kipimo mwaka 1946, baada ya vita kwisha, na nyama haikuwa huru mpaka mwaka 1954.

MAHINDI YA VITA

Mwaka 1942 Serikali ilianza kusimamia mahindi yote ya nchi. Jeshi lilitaka chakula, na wafanyakazi wa mashamba na miji nao walitaka posho. Masetla waliahidiwa bei, na hata malipo kwa kila ekari waliyolima endapo mavuno yangeharibika. Mkulima Mwafrika hakupata ahadi hiyo, na gunia lake lililipwa kidogo kuliko gunia la setla. Mahindi ni mahindi, lakini bei zilikuwa mbili.

Mwisho wa mwaka 1942 mvua zilikosekana, na mwaka 1943 njaa iliingia. Wakikuyu waliipa jina la Ng'aragu ya Mianga, yaani njaa ya mihogo, kwa kuwa mihogo ndiyo iliyowaokoa wengi. Nzige nao walikuja katika miaka hiyo, wakazidisha taabu.

Sasa sikiliza jambo ambalo linakuhusu hasa. Kwa sababu ya haja ya vita, watu walipanda mahindi juu ya mahindi, mwaka hata mwaka, bila kupumzisha shamba na bila kutia mbolea. Vilima vililimwa mpaka juu. Vita vilipokwisha, udongo ulikuwa umechoka, na mvua iliukokota mpaka mitoni. Wakuu wa wakati ule waliamuru watu wachimbe matuta kwa kazi ya lazima. Mwaka 1947, huko Murang'a, wanawake walikataa. Matuta yenyewe yalikuwa na faida, kama ujuavyo wewe mwenye shamba la mteremko. Lakini mtu hachimbi kwa moyo anapolazimishwa, hasa akiwa hana hakika kwamba shamba litakuwa lake.

GITA, DANSI NA GAZETI

Usifikiri kwamba miaka ile ilikuwa ya huzuni tu. Vita viliwakutanisha vijana wa Pwani, wa Ziwa, wa Ukambani na wa Mlima Kenya katika kambi moja, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Jeshi lilikuwa na kikosi cha burudani cha kuwachangamsha askari. Miongoni mwa wanamuziki wake alikuwa Fundi Konde, kijana wa Pwani, ambaye baadaye sauti yake na gita lake vilijulikana Afrika ya Mashariki nzima kwa santuri.

Askari waliporudi, walirudi na mambo mapya. Palikuwa na gita, saa ya mkononi, suruali ya kaki iliyopigwa pasi, na dansi ya kushikana mikono. Upande wa Ukikuyu vijana walicheza mwomboko kwa kinanda cha mkono. Wazee wengine walinung'unika, lakini usiku wa Jumamosi hata mnung'unikaji alisogea karibu kusikiliza.

Vita ndivyo pia vilivyozoeza watu wengi kusoma gazeti na kusikiliza redio kwa Kiswahili. Gazeti la Baraza lilianza mwaka 1939. Mtu mmoja aliyejua kusoma aliweza kuwasomea jamaa ishirini chini ya mti, na kila mmoja alikuwa akingoja jina la mahali alipo mwanawe.

FEDHA ZA ASKARI

Chukua mfano wa askari mmoja aliyeshuka garini mwaka 1946. Hatutamtaja jina, kwa kuwa walikuwa wengi wa namna yake. Ana akiba yake, na zaidi ya hiyo ana bahashishi ya jeshi. Amejifunza kuendesha lori. Ameona miji na bandari. Hataki kurudi kwenye kazi ya kibarua.

Aliporudi alikuta wenzake kumi wana fikira moja naye, yaani kufungua duka. Basi maduka yakajengwa sokoni, moja karibu na jingine, yote yakiuza chumvi, sabuni na viberiti vile vile. Wengine walishirikiana kununua lori kuukuu. Lori liliharibika, na spea hazikupatikana, au zilipatikana kwa bei ya magendo. Jamaa walikopa bidhaa dukani bila kulipa, na mwenye duka hakuandika hesabu. Baada ya miaka michache, maduka mengi yalifungwa.

Wako waliofanikiwa. Mara nyingi walikuwa wale waliofanya jambo moja dogo walilolijua, kama kinu cha kusaga au ushonaji, wakaandika kila senti, na hawakutumia fedha zote siku ya kwanza.

UA JEUPE LA PARETO

Jambo la pareto ni somo kubwa kuliko yote. Kabla ya vita, Japani ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kwa pareto. Vita vilipoifunga njia ya Japani, Kenya ikashika nafasi hiyo. Majeshi yalihitaji dawa ya mbu na chawa, na kila kilo ya maua ilinunuliwa. Wenye mashamba ya milimani walipanda na kuongeza.

Mara vita vikaisha, na dawa mpya iitwayo DDT ikaingia madukani. Ilikuwa rahisi, tena iliua wadudu kwa muda mrefu. Wanunuzi wa pareto wakapungua, na mashamba mengi yakang'olewa. Miaka ilipopita, watu waliona kwamba wadudu wameizoea DDT, na kwamba inadhuru viumbe vingine. Marekani iliikataza mwaka 1972. Lakini aliyekuwa na deni mwaka 1947 hakuweza kungoja mpaka hapo.

Waona, ndugu? Ua lilikuwa lile lile, na mkulima alikuwa yule yule. Kilichobadilika kilikuwa mbali naye, mahali asipoweza kupaona.

SHAMBA LAKO NA VITA VILE

Baada ya mwaka 1945 ardhi ya Milimani iligawiwa askari Wazungu waliotoka vitani, pamoja na mikopo. Askari Mwafrika aliyelala naye kwenye matope ya Burma hakupewa kitu huko. Maskwota walipunguziwa mifugo na kuongezewa siku za kazi. Uchungu huo haukusahauliwa, na ni sehemu ya njia iliyofika kwenye Uhuru mwaka 1963. Mashamba yalianza kununuliwa na kukatwa kwa mpango wa ekari milioni moja mwaka 1962, na ndipo skimu nyingi zilipozaliwa.

Basi ardhi unayoilima ililipiwa zaidi ya mara moja. Ilinunuliwa kwa fedha, lakini kabla ya fedha ilililiwa na watu waliorudi na kabuti tu.

Yafaa basi tufanye nini? Nakuomba uyakumbuke mambo manne.

Kwanza, bei ikipanda kwa ghafula, uliza sababu yake. Ikiwa imepandishwa na vita au ukame wa nchi nyingine, itashuka ghafula vile vile. Usikope kwa kuitegemea.

Pili, usiweke shamba zima katika zao moja. Ng'ombe wa maziwa, mahindi ya nyumbani, viazi na zao la fedha husaidiana, kimoja kikianguka kingine kinasimama.

Tatu, mwaka wa bei nzuri ndio mwaka wa kulipa deni na kurudisha mbolea shambani. Wazee wa mwaka 1943 waliuza mahindi, lakini kwa kweli waliuza udongo.

Nne, andika hesabu. Daftari moja na kalamu moja vingeokoa maduka mengi ya mwaka 1946.

Na kama kabuti lile bado lipo sandukuni, litoe siku moja ulianike juani. Waite watoto uwaeleze lilitoka wapi, na mwenye nalo alirudi akakuta nini. Kisha uwapeleke shambani uwaonyeshe matuta. Akiba haiozi, na udongo uliotunzwa ni akiba iliyo bora.