Imefikishwa, Lakini Mwenyewe Hakuipata

Mzigo kufika mjini ni jambo moja, na mwenye mzigo kuupata ni jambo jingine. Hapa kwetu Ujiji ushahidi upo tangu mwaka 1871. Dakta David Livingstone aliporudi mwezi Oktoba mwaka huo kutoka Manyema, hoi kwa maradhi, alitegemea kukuta vitambaa na shanga alizotumiwa kutoka Zanzibar. Msafara ulikuwa umekwisha kufika. Lakini msimamizi wake, mtu aliyeitwa Sherifu, alikuwa ameuza vitu vyote, akidai kuwa amepiga ramli ikaonyesha mzee yule amefariki. Kwa mtu aliyekaa Zanzibar, mzigo ulikuwa umefika Ujiji, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Habari hiyo inajibu nusu ya swali nililoletewa na msikilizaji mmoja, mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Ziwa Tanganyika lilipofunguliwa Agosti 2024, baada ya uvuvi kusimamishwa kwa miezi mitatu tangu Mei 15, aliona ni wakati wa kuwahi soko. Akailipa kampuni ya nje inayotuma barua pepe kwa wingi, tangazo lake likaenda kwa wanunuzi wa Dar es Salaam, Mbeya hadi Lubumbashi. Taarifa ikaja kwamba karibu barua zote "zimefikishwa". Oda haikuja hata moja, na dagaa hawangoji. Aliwauza kwa bei ya kutupa. Anauliza: nani hapa mwongo?

Hakuna mwongo. Tatizo liko katika neno lenyewe. Kanuni zinazoongoza upelekaji wa barua pepe ziliandikwa na Mmarekani Jonathan Postel mwaka 1982, enzi ambazo waliokuwa na kompyuta zilizounganishwa walikuwa wachache na wengi wao walikuwa watu wa vyuo na watafiti. Kwa mujibu wa kanuni hizo, kompyuta inayotuma hubisha hodi kwa kompyuta inayohifadhi barua za mpokeaji, hukabidhi barua, na ikipokewa hujibiwa kwa namba 250, maana yake "sawa". Hapo ndipo kampuni ya kutuma huandika "imefikishwa". Ni sahihi ya karani wa mapokezi tu. Karani akishasaini, barua ataiweka mezani kwa bosi, ataitupa kwenye kapu la barua taka, au ataichana kimyakimya. Mtumaji haambiwi.

Na karani huyu ana sababu ya kuwa mkali. Barua taka ya kwanza inayokumbukwa ilitumwa Mei 1978 kwa watu wapatao 400 huko Marekani, kuwatangazia kompyuta za kuuza. Tangu hapo mafuriko hayajakoma, na matapeli nao wamo humo humo.

Jambo la kwanza analolitazama ni kitambulisho. Bwana wetu wa Kibirizi anatumia anwani ya bure, kama tunavyotumia wengi wetu, lakini barua zake zilitoka katika mitambo ya kampuni nyingine kabisa. Kwa karani huyo ni kama mtu aliyevaa sare ya Posta lakini ametokea uchochoroni. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zimekaza kamba: mwenye kutuma kwa wingi sharti athibitishe kuwa anwani anayoitumia ni yake, kwa alama ambazo mafundi huziita SPF, DKIM na DMARC. Aidha, sharti aweke njia rahisi ya mtu kujiondoa katika orodha, na wanaomlalamikia wasifike watatu katika kila barua 1,000. Watatu tu! Anayetaka kutimiza hayo inambidi asajili anwani ya biashara yake mwenyewe, kwa mfano inayoishia na .co.tz, kisha fundi aziweke hizo alama.

La pili ni sifa ya mtumaji, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Nilimuuliza bwana huyu orodha yake aliipata wapi. Sehemu ni wateja wake, sehemu aliinunua. Orodha za kununua zimejaa anwani zilizokufa, na baadhi ya hizo hugeuzwa mitego: hakuna binadamu anayezitumia, kwa hiyo ukiziandikia tu umejitaja kuwa mtuma taka. Sifa hiyo mbaya hukufuata hata unapomwandikia mteja wako wa miaka 10. Tena kampuni za kutuma huchanganya wateja wengi katika mtambo mmoja, kwa hiyo uchafu wa jirani nao unaweza kukupaka.

Wapo watakaosema, "Mbona taarifa yangu inaonyesha hata waliofungua?" Hesabu hiyo hutegemea kijipicha kidogo kilichofichwa ndani ya barua. Tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple huweza kukivuta kijipicha hicho yenyewe, mwenye simu akiwa amelala fofofo. Mimi singeweka hata gunia moja la dagaa rehani kwa hesabu hiyo.

Nilimshauri apige simu kwa wanunuzi 10 anaowajua, awaombe watazame katika kapu la barua taka. Wakiikuta humo, waitie alama kuwa si taka, kisha wamjibu japo kwa neno moja, kwani karani huhesabu majibu. Ile sehemu ya orodha aliyoinunua aifute yote. Alinijibu kwamba aliilipia fedha nyingi.