Hili Basi Linakwenda Wapi?

Paukwa! Pakawa!

Mmoja wenu ameniuliza: "Mjomba, kiongozi mzuri ni yule anayejua kusema sana?" Hongera, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Ila leo sijibu mimi, nitamwachia mche ajibu. Naam, mche! Yule mdogo wa kwenye mkebe. Haya, msikilizeni.

"Hamjambo, watoto? Mimi ni mche. Nyumba yangu ni mkebe mkuukuu, umetobolewa chini kwa msumari ili maji yapite. Nimekulia Kenya, mikononi mwa wanawake wa Green Belt Movement. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1977 na Profesa Wangari Maathai, mama wa kutoka Nyeri. Si la serikali, wala si la kutafuta faida. Ni la watu walioona kuni zinaadimika, vijito vinakauka, udongo unachukuliwa na mvua.

"Mwanzoni mabwana misitu walikuja kuwafundisha wale mama. Wakasema maneno magumu, mara mwinamo wa ardhi, mara upande wa jua. Mama wakatazamana. Je, walikata tamaa? Hata! Wakaulizana. Wakasikilizana. Wakafikiri. Si sisi tunaopanda mahindi na maharagwe kila msimu? Basi mbegu ni mbegu! Wakatia udongo kwenye mikebe na vyungu vilivyovunjika. Nami nikachipua. Kikundi kimoja kikajua, kikafundisha kingine."

"Mche, kazi ikaishia hapo?"

"La, mwanangu. Kupanda peke yake hakukutosha. Watu walikusanywa kwenye semina. Wangari hakuanza na hotuba, alianza na swali: matatizo yenu ni yapi? Wakataja. Maji hakuna. Kuni hakuna. Chakula hakitoshi. Yote yakaandikwa. Likaja swali la pili: yametoka wapi? Karibu wote wakajibu: serikali! Na kweli serikali ilikuwa na makosa yake. Lakini Wangari akazidi kuuliza. Na wewe, shambani kwako, umechimba matuta ya kuzuia maji? Umepanda mti? Hapo watu wakaanza kujitazama."

Ahsante, mche. Sasa nipokee mimi. Wangari aliwapa watu mfano wa basi. Tuseme mtu anakwenda Nyeri, kumbe amepanda basi la Mombasa. Imekuwaje? Jibuni!

"Hakuuliza!"

"Aliuliza, akadanganywa!"

"Hajui kusoma kibao!"

"Aliogopa kuuliza!"

Vema sana! Sasa tuseme ni wewe, na umegundua kosa. Utakaa tu kitini kwa sababu nauli umeshalipa? Hapana. Utamwambia dereva asimame, utashuka, utatafuta basi lako. Shirika nalo husafiri. Viongozi wasipoketi kila baada ya muda wakaulizana, "Hili basi linakwenda wapi?", watatumia fedha, watatoka jasho, na wasifike walikokusudia.

"Lakini Mjomba, kwa nini asiwape majibu tu? Si alikuwa profesa?"

Eh! Swali hili limenifurahisha kweli. Jibu la kupewa husahaulika upesi. Jibu ulilolitafuta mwenyewe unalishika. Mama akisema kwa kinywa chake, "Udongo wangu unakwenda kwa kuwa sikuchimba matuta," kesho atashika jembe bila kusukumwa na mtu.

Anayeongoza mazungumzo namna hiyo anaitwa mwezeshaji. Kazi yake ni nini? Anauliza. Anasikiliza. Anampa nafasi yule aliyekaa nyuma, kimya. Anaandika yaliyosemwa, hata yale yanayomchoma yeye mwenyewe. Kisha anawaacha watu wafikiri. Na kule kuyapima tuliyoyafanya kabla ya kuendelea mbele ndiko kutafakari.

Ilileta nini kazi hiyo? Kufikia mwaka 2004 wanawake wale walikuwa wamepanda miti zaidi ya milioni 30. Mwaka huohuo Wangari akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki mwaka 2011. Je, shirika lilikufa naye? Halikufa. Mpaka leo linapanda miti. Kiongozi anayewafundisha wenzake kujiuliza hawaachi yatima.

Nanyi, wanangu, mna klabu ya mazingira shuleni, mna timu ya mpira, mna kwaya au madrasa. Mkimaliza kazi, msitawanyike mbio. Ketini duara. Ulizaneni: Nini kimekwenda vizuri? Nini kimeharibika? Safari ijayo tubadilishe nini? Asiyependa kusema aulizwe kwanza, na asikatizwe. Na siku utakayochaguliwa kuwa kiongozi, mwanangu, anza kwa kuuliza. Hotuba itangoja.