Ndovu ama Pomboo? Bifu ya Madeva Kuhusu Databesi, na Vile Inakuhusu Ukiwa Meru ama Embu

Mabifu ya wasanii tumezoea. Leo kuna ingine imedumu karibu miaka 30. Haina video wala haijatrendi, lakini imechangia kuamua rekodi yako ya hospitali inakaa wapi, na kama kilo za kahawa za mzae wako zitasomeka vile zilipimwa. Ni bifu ya madeva kuhusu databesi: PostgreSQL ama MySQL?

Kama wewe ni comrade pale Meru University, Nchiru, ama University of Embu, na unasomea mambo ya kompyuta, hii stori ushaiskia kwa hosteli. Mmoja anaapa Postgres ndio kusema. Mwingine anasema MySQL ndio ilimfunza kazi na hawezi kuiacha. Wa tatu anataka tu mtu amsaidie kumaliza projekti ya mwaka wa nne. Na kama wewe si deva, usihepe. Tutaenda nayo polepole.

Databesi ni mnyama gani?

Chukua fakitori ya kahawa, zile ziko kila mahali ukipanda kutoka Embu kuelekea Manyatta na Runyenjes, ama ukizunguka huko Imenti. Mkulima analeta cherry, zinapimwa, karani anaandika. Kitabu kimoja kina majina ya wakulima na namba zao za uanachama. Kingine kina tarehe, kilo na namba ya aliyeleta. Ile namba ndio inaunganisha vitabu viwili.

Sasa hamisha hivyo vitabu kwa kompyuta. Umepata databesi ya majedwali: jedwali la wakulima, jedwali la kilo, jedwali la malipo, yote yameshikana kwa namba. Juu yake unaweka sheria. Kwa mfano, hakuna mtu kuandika kilo za mkulima ambaye hayuko kwa jedwali la kwanza. Lugha ya kuuliza maswali humo ndani inaitwa SQL.

PostgreSQL na MySQL zote zinafanya hii kazi. Zote ni programu huria, yaani maandishi yenye yameunda programu yako wazi. Unazichukua bila kulipa shilingi, unazifungua, unaona zinavyofanya kazi, na ukitaka unazibadilisha. So watu wanagombania nini?

Mmoja alikomaa na kujenga, mwingine akakomaa na soko

Postgres ilianza 1986 kule chuo kikuu cha California, Berkeley, chini ya profesa Michael Stonebraker. Miaka ya katikati ya tisini, wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, wakaiongezea SQL. 1996 ikapewa jina PostgreSQL na ikabaki mikononi mwa madeva wa kujitolea kutoka nchi tofauti. Nembo yao ni ndovu, na ukiwa jirani ya Meru National Park hauhitaji kuelezewa ndovu ni nani.

MySQL ilizaliwa 1995 Uswidi, mikononi mwa Monty Widenius, David Axmark na Allan Larsson. My ni jina la binti wa Monty. Nembo yao ni pomboo anaitwa Sakila. Hilo jina lilipatikana kwa shindano, na mshindi alikuwa deva mwenye asili ya Uganda aliyekuwa anaishi Swaziland. Na cheki hii: Sakila pia ni jina la mji kule Arusha, hapo tu kwa majirani. Hiyo ndio inaitwa kujua kujiuza.

Kwa tabia, hawa wawili walikuwa tofauti kabisa. Wasee wa Postgres walikuwa kama mwalimu wa hesabu: kama jibu si sahihi, hakuna kuendelea. Wasee wa MySQL walitaka mtu aanze haraka. Hosting za bei nafuu zilikuja na MySQL tayari. WordPress ilikaa juu yake. XAMPP ilikuwekea kila kitu kwa Windows ukibonyeza mara chache. Postgres nayo haikukimbia moja kwa moja kwa Windows mpaka toleo la 8.0, Januari 2005. Kufikia hapo, mwanafunzi wa kawaida mwenye laptopu ya kuazima alikuwa ashapatana na pomboo.

Kilo 300 zinageuka 127

Hapa ndio watu wa Postgres walikuwa wanapandisha moto, na walikuwa na pointi.

Tuseme deva anaunda mfumo wa fakitori. Kwa safu ya kilo, anachagua aina ndogo ya namba inaitwa TINYINT, na kikomo chake ni 127. Siku moja mkulima analeta kilo 300. MySQL ya zamani, kwa mipangilio yake ya kawaida, haingekataa. Ingeandika 127, itoe onyo dogo lenye hakuna mtu anasoma, na maisha yaendelee. Kilo 173 zimepotea na hakuna mwizi. Karani hajui, mkulima hajui, mpaka siku ya malipo. Na nyinyi mnajua vile mkutano wa wakulima wa kahawa huenda malipo yakikosa kutosha.

Postgres kwa hali kama hiyo inakataa kabisa: namba imezidi, rekebisha. Inakera, lakini kahawa ya watu iko salama.

Kulikuwa na ingine. Injini ya kawaida ya MySQL, MyISAM, ilikuwa inasoma ile sheria ya kuunganisha majedwali halafu inaipuuza kimyakimya. Unadhani umefunga mlango, kumbe umechora tu kufuli ukutani.

MySQL ilikuja kujirekebisha. Toleo la 5.5 la 2010 liliweka InnoDB kuwa injini ya kawaida, na hiyo inaheshimu sheria. Toleo la 5.7 la 2015 likaanza kukataa namba zilizozidi bila wewe kuomba. So ukiskia mtu leo anasema MySQL inakula data, mwambie asome tarehe. Lakini mifumo mingi ya zamani bado iko kazini, na kuna watu huzima ukali huo ndio makosa yaache kuonekana. Hapo ndio balaa huanzia.

Postgres nao walikuwa na ngori zao

Usidhani upande wa ndovu ulikuwa mbinguni. Walibishana wao kwa wao miaka mingi.

Kwanza ni jina. PostgreSQL linasomwaje? Watu wengine hukata wanasema "Postgre", na wenyewe hawapendi. Tom Lane, mmoja wa madeva wakubwa wa huo mradi, aliwahi kusema kwamba kubadilisha jina 1996 huenda ndio lilikuwa kosa lao kubwa kuliko yote. Fikiria hiyo: miaka na miaka ya kazi safi, na kitu kinachokusumbua ni kwamba watu hawawezi kutamka jina lako.

Pili ni kunakili data kwenda seva ya pili, ndio ya kwanza ikizima kazi isisimame. MySQL ilikuwa na hii mapema. Postgres walisema kwa muda mrefu kwamba mahitaji ya watu ni tofauti, kila mtu atafute nyongeza ya nje inayomfaa. Watumiaji hawakusubiri, wakahama. Mwishowe timu ikakubali, na toleo la 9.0 la Septemba 2010 likaja na hiyo kitu ndani. Ile ya "kama rekodi iko ibadilishe, kama haiko iweke" nayo ilingoja mpaka toleo la 9.5, Januari 2016.

Mwaka huo huo wa 2016, Uber wakaeleza hadharani kwa nini walitoka Postgres wakaenda MySQL. Sababu moja: ukibadilisha kitu kidogo kwa safu moja, Postgres mara nyingi inaandika safu nzima upya na kugusa faharasa zake zote. Kwa kampuni yenye mabadiliko mengi kila sekunde, hiyo ni gharama. Kuna madeva walikasirika. Wengine walikaa chini wakauliza ni wapi Uber wako sawa. Hawa wa pili ndio walisaidia mradi.

Hapo ndio somo kubwa la hii bifu liko. Kujenga vizuri bila kuskiza watumiaji kunakuacha na kitu kizuri chenye hakuna anayekitumia. Kuuza bila kujenga vizuri kunakuacha na kilo 127. Ndovu alichelewa, lakini aliskiza. Kwa utafiti wa Stack Overflow wa 2023, Postgres ilipita MySQL kama databesi inayotumiwa zaidi na madeva walioulizwa.

Lakini swali kubwa ni: nani mwenye mali?

Januari 2008, Sun Microsystems ilitangaza kununua kampuni ya MySQL kwa dola bilioni 1. Mwaka 2010 Oracle ikamaliza kununua Sun. Ghafla pomboo wa bure akawa mikononi mwa kampuni inayouza databesi ya bei ghali. Monty alipiga kelele, hakuskizwa. Alikuwa tayari amechukua nakala ya programu, kwa sababu leseni ilimruhusu, akaanzisha MariaDB. Maria ni binti yake mwingine. Na kama unatumia XAMPP ya miaka ya karibuni ukidhani uko kwa MySQL, cheki vizuri: tangu 2015 ndani kuna MariaDB.

Programu ilikuwa huru, lakini jina na hakimiliki vilikuwa vya kampuni, na kampuni inauzwa.

Postgres haina kampuni ya kununua. Kuna kampuni nyingi zinalipa madeva wake, lakini hakuna yenye mradi ni wake. Mwaka 2020, kampuni ya EDB iliponunua 2ndQuadrant, watu watatu kati ya watano wa timu kuu walijikuta kwa mwajiri mmoja. Timu ikaongeza wawili kutoka nje, wakawa saba, ndio kampuni moja isishike zaidi ya nusu.

Watu wa Meru hii kitu wanaielewa bila kompyuta. Hapo Nchiru, mahali chuo kiko, ndio pia kuna makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru. Mzee mmoja hawezi kuamka asubuhi auze baraza. Uamuzi unatoka kwa mjadala, na mjadala unaweza kuwa mrefu mpaka ukasirike. Postgres huendeshwa karibu hivyo. Inachelewesha mambo, lakini hakuna mtu ataamka apate imeuzwa usiku.

Hii inaingiaje kwa hospitali yako?

Mwaka 2011 Kenya ilihamisha ripoti za afya za nchi nzima kwenda DHIS2, programu huria iliyokuzwa na chuo kikuu cha Oslo, Norway. Hesabu ya wagonjwa wa malaria, chanjo na akina mama waliojifungua, kutoka Meru Teaching and Referral mpaka Embu Level 5 na zahanati za vijijini, huishia humo. DHIS2 inakaa juu ya PostgreSQL.

Halafu kuna KenyaEMR, mfumo wa faili za wagonjwa, hasa wa huduma za HIV. Umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza 2004 na yenye mizizi yake Eldoret, kwa mradi wa AMPATH. Hiyo nayo imezoea MySQL. Kwa hivyo hospitali moja inaweza kuwa na ndovu na pomboo kazini siku hiyo hiyo, na mgonjwa kwa foleni hana habari.

Linganisha na mfumo wa SHA. Machi 2025, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ilisema mfumo huo wa shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali na serikali haiudhibiti. Hapo ndio utajua swali la "nani mwenye mali" si la madeva peke yao. Ni la kila mtu anayekatwa kwa payslip.

Usidanganyike pia: programu huria haimaanishi kazi ya bure. Seva inalipiwa, mtu wa kuitunza analipwa, na nakala za akiba lazima zifanywe. Tofauti ni kwamba mwenye kukutunzia akikosana na wewe, unatafuta mwingine na data inabaki yako.

So uchague gani?

Ukijenga mfumo wa sacco, maziwa, kahawa ama kliniki, mahali kosa moja ni pesa ya mtu, Postgres ni chaguo salama la kuanzia. Ukijenga tovuti ya WordPress ya duka pale Makutano, MySQL ama MariaDB itakutosha kabisa. Yoyote utakayochukua:

- Weka sheria ndani ya databesi yenyewe, si kwa fomu ya mbele tu.
- Pesa usiiweke kwa namba za desimali za kukadiria. Tumia NUMERIC ama DECIMAL.
- Usizime ukali ndio makosa yanyamaze.
- Fanya nakala za akiba, halafu jaribu kuzirudisha. Nakala ambayo haujawahi kuirudisha ni imani tu.
- Andika kwa mkataba kwamba data ni ya chama, na kikitaka kuhama kinapewa yote.

Na kama unataka kuingia kwa huo mjadala, si lazima uwe mkali wa lugha ya C. Miradi hii inahitaji watu wa kujaribu matoleo mapya, kuripoti hitilafu na hatua za kuirudia, na kurekebisha maelezo yenye hayaeleweki. Deva aliyeona vile mfumo unavumilia stima ikipotea mara tatu kwa siku ana kitu cha kuwaambia. Walichelewa kuskiza huko nyuma, na iliwagharimu. Sasa wanajua.

Wewe uko team ndovu ama team pomboo? Na ule mfumo unatumia kazini ama kwa sacco yenu, unajua nani anaumiliki? Uliza wiki hii, kabla siku ya malipo ifike.