Likizo ndefu na hazina iliyo barazani kwa nyanya

Mwaka wa masomo unapofikia tamati, mabweni ya vyuo vikuu hubaki mahame. Mimi, mwalimu wa isimu, nimezoea kuwauliza wanafunzi wangu waendako. Aghalabu jibu huwa moja kati ya matatu: mafunzo ya kazini mjini, kibarua cha kutafuta karo, au kukaa na simu mkononi hadi chuo kifunguliwe.

Simlaumu yeyote. Mafunzo ya kazini ni sharti la kozi nyingi, nayo karo haisubiri. Hata hivyo, ipo kazi ya nne isiyohitaji barua ya maombi, nayo pia haisubiri: kuhifadhi maneno ya wazee wetu.

Tuwatazame Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia. Hawa walikuwa wawindaji na warina asali. Katika karne ya 20 waliiacha lugha yao wakashika Kimaasai. Mtaalamu Bernd Heine alipoichunguza katika miaka ya 1970, ilikuwa imebaki vinywani mwa wazee wachache. Waelmolo wa Ziwa Turkana nao walihamia Kisamburu.

Yamkini msomaji atasema kwamba lugha yake ina mamilioni ya wasemaji. Ni kweli, lakini lugha haifi kwa siku moja. Hufa neno baada ya neno. Ni vijana wangapi wa jamii za wafugaji wawezao kutaja rangi zote za ng'ombe jinsi babu zao walivyozitaja? Ni wangapi wajuao majina ya mitishamba iotayo nyuma ya nyumba zao?

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Lakini Serikali haina nyanya. Mwenye nyanya ni wewe.

Basi, ewe mwanafunzi, saa moja ya jioni yatosha. Omba idhini kwanza. Mrekodi mzee kwa simu yako, kisha andika neno, maana yake, sentensi moja alivyolitumia, jina lake, kijiji na tarehe. Nanyi walimu wenzangu, yapokeeni madaftari hayo kwa heshima mkiyapata, myahifadhi maktabani.

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Ofisi za mjini zitakuwapo mwaka ujao. Kuhusu nyanya, hakuna awezaye kutupa ahadi hiyo.